Ujenzi ukidorora, mkadiriaji majenzi anakula nini?

#1 FutiKamba
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mkadiriaji majenzi niliyesajiliwa, yaani mtu wa kupima kazi za ujenzi na kukadiria gharama zake. Nina ofisi Kinondoni ambayo mwaka 2015 ilikuwa na watumishi saba, na leo tumebaki mimi na kijana mmoja aliyemaliza Chuo Kikuu Ardhi juzi juzi. Kila nikikutana na wenzangu huniambia kwamba uchumi ndio uliotufikisha hapa, kwamba wenye mitaji wamerudi nyuma na benki zimekaza mkono, hivyo tuvumilie mpaka hali itengemae. Mimi siamini hivyo. Nadai kwamba kinachotumaliza si mdororo bali ni sisi wenyewe tunaoshushiana ada.

Nitoe mfano wangu. Mwaka huu niliitwa kuhusu jengo la ghorofa nane Mikocheni, ambalo kwa makisio ya awali lingegharimu shilingi bilioni 6. Niliomba asilimia moja na nusu, yaani milioni 90, kwa kazi yote: makisio, BOQ (orodha ya vipimo na bei za kila kazi), zabuni, hati za malipo kila mwezi na hesabu za mwisho. Mshitiri, yaani mwenye jengo, alinisikiliza kwa heshima, akanipa soda, kisha baada ya wiki mbili akanijulisha kwamba amepata mwingine kwa milioni 22. Ujenzi ni wa miezi 24. Ukigawanya unapata pungufu ya shilingi 917,000 kwa mwezi, kabla ya kodi ya zuio, kabla ya mafuta ya gari na kabla ya mshahara wa mtu yeyote. Naomba mnieleze huyu mwenzetu anapima nini kwa fedha hiyo, na ninyi wengine mnaishije.

#2 Mtaa_wa_Lugoda
Pole, mkuu. Huenda aliyekuchukulia kazi yumo humu humu anakusoma huku anakunywa chai.

#3 TakwimuTu
Naomba kwanza turekebishe neno, kwa sababu tukikosea jina la ugonjwa tutakosea na dawa. Mdororo wa uchumi kwa maana inayotumiwa na wengi ni pale pato la nchi linaposinyaa kwa robo mbili mfululizo. Tanzania haikufika huko hata mwaka 2020 wa korona, ambapo takwimu rasmi zilionesha ukuaji wa asilimia 4.8. Kwa hiyo si kweli kwamba hapakuwa na ujenzi. Ujenzi ulikuwepo tena mkubwa: reli ya kisasa ilianza 2017, mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 ulisainiwa Desemba 2018, na hapa jijini tumejengewa daraja la juu pale Tazara, makutano ya Ubungo na daraja la Tanzanite.

Jambo lililotokea ni kwamba fedha zilihama kutoka kwenye majengo kwenda kwenye miundombinu, na huko vipimo na hati za malipo viko mikononi mwa wahandisi. Mkadiriaji wa majengo alibaki kando ya barabara akiangalia malori yakipita. Ushindani wa ada anaousema FutiKamba ni matokeo tu, maana watu wengi waligombea majengo machache.

#4 MzeeWaSaiti
Nimeanza kazi hii wakati tunapima kwa karatasi za vipimo zenye safu nne na penseli, na kikokotoo kimoja kinazunguka ofisi nzima, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mrefu.

TakwimuTu amesema vizuri kuhusu miundombinu, lakini ameruka mwaka 2016. Mwaka ule mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja. Amana za taasisi za umma ziliondolewa kwenye benki za biashara zikapelekwa Benki Kuu, na mwezi Julai Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote inahamia Dodoma. Mtu aliyekuwa anajenga jengo la ofisi Posta au Upanga akitegemea wizara au wakala wa Serikali kuwa mpangaji wake alijikuta anajenga kwa ajili ya njiwa, na benki iliyomkopesha nayo ikaanza kuhesabu mikopo chechefu, ile isiyolipika. Miradi mikubwa ya Shirika la Nyumba la Taifa, ile ya Morocco na ya Kawe, mnakumbuka ilivyosimama miaka kadhaa ndipo ikaja kuendelezwa. Hiyo ilikuwa mikubwa yenye majina. Midogo ya watu binafsi iliyosimama hakuna aliyeiandika gazetini.

Sasa swali ni kwamba mimi niliishije. Niliishi kwa majengo yaliyosimama. Jengo likisimama, mkandarasi anadai, mshitiri anabisha, benki inataka kujua fedha yake imefikia ghorofa ya ngapi, na wote watatu wanahitaji mtu wa kupima kilichopo. Kati ya 2017 na 2019 sikuandaa BOQ mpya hata tatu, lakini nilipima upya majengo manne.

Niwaonyeshe moja. Lilikuwa fremu ya zege ya ghorofa tano, nondo za nguzo zimechomoza juu ya jamvi (sakafu ya zege) la mwisho kama vidole, zimeshika kutu kiasi kwamba ukizigusa mkono unabaki na rangi ya matofali ya kuchoma. Mbao za fomu, zile za kumwagia zege, zilikuwa zimeibwa zote. Mkandarasi alidai fedha za saruji na nondo alizosema zilikuwa zimeletwa saiti siku kazi iliposimamishwa, lakini hakuwa na daftari la saiti, akasema lilinyeshewa mvua. Mshitiri naye alidai hakuna kitu kilicholetwa. Kijana mmoja mlinzi, ambaye hakuna aliyemuuliza kwa miaka miwili, alitoa chini ya godoro lake kitabu cha getini chenye namba za malori, tarehe na saini. Kitabu kile kilithibitisha safari tisa za malori kati ya kumi na mbili zilizodaiwa, na madai yakafungwa kwa hesabu hiyo. Ada niliyolipwa kwa wiki sita zile ilizidi niliyolipwa kwa BOQ ya jengo zima jingine mwaka uliotangulia.

#5 FutiKamba
Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Lakini kazi hiyo uliipata kwa sababu jina lako linajulikana. Kijana wa miaka mitano ya usajili hawezi kuitwa kupima ugomvi wa watu wazima.

#6 MzeeWaSaiti
Marahaba. Niliitwa kwa sababu nilikuwa nadai bei ndogo kuliko wakili. Jina lilikuja baadaye.

#7 Halmashauri_Kwanza
Nafanya kazi kwenye idara ya ujenzi ya halmashauri, na naona mnaizunguka fosi akaunti bila kuitaja. Mwishoni mwa mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ule wa shilingi trilioni 1.3. Ni ujenzi mkubwa sana wa majengo, tena katika miezi michache. Lakini ulitekelezwa kwa fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa, fundi wa kijijini anapewa kazi ya mikono, na mhandisi wa halmashauri anasimamia. Kampuni binafsi za ushauri, za wakadiriaji na hata za wabunifu majengo, hazikuwa na mahali pa kuingilia. Kwa hiyo mtu asiseme tu kwamba fedha zilikwenda kwenye reli. Zilikwenda kwenye majengo pia, ila mlango haukuwa wenu.

#8 Kokoto_Nusu
Hapo namuunga mkono Halmashauri_Kwanza nusu na nusu nampinga. Mshauri binafsi hakutakiwa, sawa. Lakini kila darasa lilitengewa milioni 20 ileile, iwe ni Temeke ambako saruji inatoka kiwandani Wazo mpaka dukani kwa mwendo wa asubuhi moja, au iwe ni kijiji ambacho lori linalala njiani siku mbili. Kukadiria kwamba gharama ya darasa hubadilika kwa umbali, kwa udongo na kwa bei ya kokoto ndiyo kazi tuliyosomea. Tulichokosa si mlango bali ni mtu wa kwenda kumweleza mwenye fedha kwamba hesabu ya namna ile itamletea maboma. Chama chetu kilikuwa wapi?

#9 Halmashauri_Kwanza
Kokoto_Nusu, kusema kweli sisi wenyewe tuliandaa mchanganuo kwa kila darasa. Penye upungufu wananchi walichangia mchanga, mawe na maji. Mchango huo hakuna aliyeuweka kwenye hesabu, na hapo nakubali kwamba mkadiriaji angesaidia.

#10 BahariMbili
Nilikuwa Dubai kati ya 2007 na 2011, naona niongeze kisa ambacho wengi hamkukiona kwa macho. Novemba 2009 kampuni ya Dubai World iliomba wadai wake waisubiri kulipa madeni, na ndani ya miezi michache miradi ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Ofisini kwetu wakadiriaji tulikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la wale wa kabla ya mkataba, wanaofanya makisio na BOQ, na hao waliondolewa kwanza, kwa sababu hakuna anayekisia jengo jipya wakati la zamani halijalipiwa. Kundi la pili lilikuwa la wale wa baada ya mkataba, wanaojua nyongeza za kazi, ucheleweshaji na kufunga hesabu. Hilo halikupungua, liliongezewa watu.

Mimi nilikuwa kundi la kwanza. Nilimwomba bosi anihamishe, nikakaa chini ya Mmisri mmoja ambaye hakunifundisha hesabu yoyote mpya. Alinifundisha kuandika barua. Kila tukio linalochelewesha kazi lilipaswa kuandikiwa taarifa ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba, na asiyeandika alipoteza haki yake hata kama kila mtu aliona mvua ikinyesha. Ndivyo nilivyopona miaka miwili ile. Niliporudi Dar es Salaam nilikuta watu bado wanadhani kazi yetu inaishia kwenye BOQ.

#11 Ramani_na_Wino
Mbunifu majengo hapa, naomba nisipigwe mawe. Hoja ya BahariMbili inanifurahisha, kwa sababu nimesubiri miaka mingi kusikia mkadiriaji akikiri kwamba aliondolewa kwanza. Kwetu sisi hali ni mbaya zaidi: mtu akikosa fedha hachori kabisa, au anapakua ramani mtandaoni na kumpa fundi simu aiangalie.

#12 NondoNane
Afadhali ramani ya simu ina vipimo, Ramani_na_Wino. Nyingine zenu tunazipima kwa kubahatisha.

#13 Wakili_Upanga
Ningependa kusahihisha dhana moja iliyojificha kwenye maelezo ya BahariMbili na MzeeWaSaiti, kwamba kazi ya madai huja yenyewe uchumi ukiyumba. Huja pale ambapo mdai ana njia ya haraka ya kupata haki. Nchini Uingereza Bunge lilipitisha sheria mwaka 1996, ikaanza kutumika 1998, inayompa upande wowote wa mkataba wa ujenzi haki ya kupeleka mgogoro kwa mwamuzi wakati wowote, na mwamuzi huyo anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 28. Lipa kwanza, bishana baadaye. Uchumi wa kule ulipoporomoka mwaka 2008, wakadiriaji wengi waliishi kwa kuandaa madai hayo au kwa kuwa waamuzi wenyewe.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 na tuna mikataba ya Baraza la Taifa la Ujenzi yenye vifungu vya usuluhishi, lakini hatuna sheria ya siku 28 ya namna ile. Shauri la usuluhishi linaweza kumchosha mkandarasi mdogo mpaka akakubali nusu ya haki yake. Ndiyo maana soko la madai analolisifia Mzee lipo, ila ni jembamba, na anayeingia akidhani atalipwa mwezi ujao ataumia.

#14 MzeeWaSaiti
Wakili amesema kweli, ingawa amesahau kusema kwamba uchovu huo wa mkandarasi ndio unaolipa ada za mawakili.

#15 BintiArdhi
Nimesajiliwa miaka minne iliyopita, na nimekuwa nikisoma nikicheka, maana nyote mnazungumzia majengo ya bilioni. Mimi naishi kwa nyumba za watu. Goba, Madale, Bunju, Kibada: huko ujenzi haujasimama hata siku moja, isipokuwa unakwenda kwa mwendo wa mshahara. Mtu anapata kiinua mgongo au mkopo wa SACCOS, anajenga msingi, anapumzika miaka miwili, anainua kuta, anapumzika tena. Wengine wako nje ya nchi, wanatuma fedha kwa ndugu na wanapokea picha kwa WhatsApp.

Nilianza kwa kumsaidia dada mmoja muuguzi anayeishi ng'ambo. Kaka yake alimwambia kuta za nyumba zinahitaji tofali 4,600. Nilipima ramani, nikatoa milango na madirisha, nikapata mita za mraba 310; kwa tofali za kawaida ni kama kumi kwa mita ya mraba, ukiongeza za kuvunjika unafika 3,300. Sikumwita mtu mwizi. Niliandika tu hesabu kwenye ukurasa mmoja.

Kisha tukaja kwenye nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi. Nilikwenda na kaka mtu dukani, nikaomba tuziweke tatu kwenye mizani ya pembeni wanayopimia misumari na waya, kila moja ikiwa imekunjwa katikati ili isigonge ukuta. Moja ilisoma kilo 9.1, nyingine 9.0, ya tatu 9.2. Muuzaji hakubisha, aliuliza tu kwa upole, «Kwani wewe unajengea ghorofa?» Tulikwenda duka jingine.

Kwa kila nyumba natoza shilingi laki nne kwa mchanganuo, na elfu themanini kila ninapokwenda saiti kuhakiki kabla fedha nyingine haijatumwa. Mwezi mzuri nina nyumba sita. FutiKamba, ile milioni 22 kwa miaka miwili hata mimi nisingeichukua.

#16 Ramani_na_Wino
BintiArdhi, pongezi. Ila naomba kuuliza kwa nia njema: unafanya hivyo kupitia kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, au kwa jina lako? Sheria Namba 4 ya mwaka 2010 inatofautisha mtaalamu na kampuni ya ushauri.

#17 BintiArdhi
Kupitia kampuni ya mwalimu wangu wa zamani, kwa makubaliano ya maandishi, na yeye anachukua fungu lake. Nilijua swali hilo lingekuja, na nilijua litatoka kwa mbunifu.

#18 Mchana_Kweupe
Nimekaa kimya kwa sababu nadhani mnanisema mimi. Si lazima niwe ndiye niliyechukua jengo la Mikocheni, lakini ni mmoja wa wanaoshusha ada, na naomba nisikilizwe bila matusi.

Asilimia mnazozitetea zilipangwa wakati jengo la ghorofa nane lilihitaji watu wanne kupima kwa miezi miwili. Leo mbunifu akinipa faili la Revit, ile programu ya kuchorea majengo kwa kompyuta, lililochorwa vizuri, zege, kuta na milango napata kwa siku tatu, na siku nyingine tano nahakiki na kuandika yale ambayo faili halioni, kama vile uchimbaji, fomu na kazi za muda. Kwa nini nimtoze mshitiri gharama ya penseli za Mzee? Pili, FutiKamba amegawa milioni 22 kwa miezi 24 kana kwamba mtu anakaa saiti kila siku. Hati ya malipo ya mwezi inachukua siku mbili. Nikiwa na majengo sita ya namna hiyo, vijana wangu watatu wana mishahara. Ofisi inayongoja asilimia moja na nusu itafungwa ikiwa na heshima zake zote.

#19 FutiKamba
Ndugu Mchana_Kweupe, nakushukuru kwa kujitokeza, na sina matusi. Lakini jibu swali moja. Hizo siku mbili za hati ya malipo, wewe unapanda ghorofa ya sita kuhesabu kilichojengwa, au unapokea asilimia alizoandika mkandarasi na kuzipunguza kidogo ili zionekane zimehakikiwa? Nimewahi kurithi kazi ambayo hati namba 7 ilikuwa imelipia plasta ya ghorofa ambayo haikuwa na kuta. Ada ilikuwa ndogo, na aliyeisaini alikuwa anaendesha miradi mingi kama wewe.

#20 Mchana_Kweupe
Napanda. Si kila mara. Na wewe wa milioni 90 ulikuwa unapanda kila mara?

#21 Kokoto_Nusu
Swali hilo lijibiwe kabla ya chakula cha mchana, tafadhali.

#22 FutiKamba
Nilikuwa natuma msaidizi. Nakubali kwamba sikuhakiki alichohakiki.

#23 Dirisha_la_Benki
Nipo upande wa mikopo, sitataja benki. Baada ya kipindi kile cha mikopo chechefu, benki nyingi haziachii awamu inayofuata ya mkopo wa ujenzi bila ripoti ya mkadiriaji asiyetoka upande wa mkopaji. Ripoti hiyo inajibu maswali matatu tu: kimejengwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na je, fedha iliyobaki inatosha kumalizia. Swali la tatu ndilo ambalo wengi hawalijibu. Wanatuletea kurasa arobaini za picha na hawasemi kama fedha inatosha. Nadhani tatizo la fani yenu si ada wala Dodoma, bali ni kuandika kwa ajili ya wakadiriaji wenzenu.

#24 Makadirio_Bima
Naongeza kwa Dirisha_la_Benki kwamba bima nako kuna kazi. Mimi hufanya uthamini wa majengo kwa ajili ya bima ya moto, na uchumi ukiwa mbaya ndipo wenye majengo hutaka kujua kama wanalipa zaidi ya inavyostahili.

#25 Mthamini_Magomeni
Makadirio_Bima, neno uthamini mwachie mwenye nalo. Ipo Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na kutoa thamani ya mali bila kusajiliwa chini yake ni kosa. Wewe kadiria gharama za kulijenga jengo upya likiungua, hilo ni lako na unalijua kuliko mimi. Ila usiiite thamani.

#26 Makadirio_Bima
Nimesahihishwa. Barua zangu huandika gharama za kujenga upya. Ni kidole tu kimeteleza hapa.

#27 TakwimuTu
Naona hakuna aliyegusa kodi, na mimi ningeiweka juu ya ada. Mshauri wa kitaalamu anatakiwa kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hata kama mapato yake ni madogo. Ukitoa ankara ya milioni 24, unadaiwa milioni 4.32 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe mshitiri amekulipa au hajakulipa. Mshitiri akichelewa miezi tisa, na uchumi ukibana ndivyo wanavyochelewa, unakuwa umeikopesha Serikali kutoka mfukoni. Nimeona ofisi mbili zikifungwa zikiwa na kazi tele mezani na ankara zisizolipwa kabatini. Hizo hazikuuawa na ada ya chini.

#28 Mtaa_wa_Lugoda
Ndiyo maana watu hutoa kwanza karatasi ya madai isiyo ankara, wakalipwa, kisha ankara na risiti vikafuata. Si siri.

#29 TakwimuTu
Si siri, lakini mkaguzi akiamua kwamba huduma ilikamilika tarehe ya hati ya malipo, karatasi hiyo haitakusaidia.

#30 Ubia_wa_Ilala
Sisi tulikuwa ofisi nne za watu wawili wawili. Zabuni za Serikali zilipohamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST mwaka 2023, tulikuta kila mmoja anakosa kigezo kimoja: huyu hana miradi ya kutosha, yule hana mtaalamu wa miaka kumi, mwingine hesabu zake hazijakaguliwa. Tukaunda ubia. Tumeshinda kazi mbili, moja Dodoma. Tumegombana mara tano, nyingi kuhusu nani alipe nauli. Sisemi kwamba ndiyo njia bora, maana fungu la kila mmoja ni dogo na ofisi ya Dodoma tunaipangisha kwa zamu, lakini bila hivyo tusingekuwa hata kwenye orodha ya walioshindwa.

#31 Kokoto_Nusu
Ubia wa watu wanane wanaojua kuhesabu, kisha mnagombana kuhusu nauli. Natamani kuiona hiyo BOQ ya nauli.

#32 BahariMbili
Kwa Mchana_Kweupe: nimerudi kwenye hoja yako kwa sababu inanisumbua. Ni kweli Revit imepunguza siku za kupima. Lakini kama kupima ndiko tulikokuwa tunalipwa, na kupima kumekuwa rahisi, basi ada itaendelea kushuka hata uchumi ukipona. Uchumi ulipotengemaa kule Ghuba, wale wa kundi la kwanza hawakurudishwa wote.

#33 Mchana_Kweupe
Hapo hatupingani. Ninachosema ni kwamba nimeona mapema.

#34 FutiKamba
Wakuu, asanteni. Bado siamini kwamba Dodoma au reli ndiyo iliyonipunguzia watumishi watano, na hesabu ya kodi ya TakwimuTu imenifanya nifungue kabati nihesabu ankara. Nimekuta ya mwaka 2019 ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Jana jioni nimepigiwa simu kuhusu fremu ya ghorofa nne Tegeta iliyosimama tangu 2018. Mwenyewe amefariki, watoto wamepata mnunuzi, na mkandarasi wa zamani amejitokeza na barua ya madai ya milioni 310. Wanataka mtu apime. Mzee, natoza kwa asilimia, kwa siku, au vipi?

#35 MzeeWaSaiti
Kwa siku, na siku tano za kwanza zilipwe kabla hujapanda ngazi, kwa maana warithi wakianza kugombana hakuna atakayekumbuka nani alikuita. Usiahidi mwisho wa kazi. Omba mkataba wa awali, hati zote za malipo na barua ya kusimamisha kazi. Wakikuambia vimepotea, ongeza siku mbili. Nenda na ngazi yako mwenyewe.

Na ukifika pale, muulize mlinzi amekuwepo tangu lini.